Usinunue Koleo Kabla ya Kuvuta Waya

Nakumbuka asubuhi moja ya soko pale Tala, mwanangu, nikiwa bado msichana mwenye sauti kubwa na kibanda kidogo cha mitumba, mdogo wangu Kioko alipokuja na kipande cha waya ulioungua, akakiweka juu ya makoti yangu kama mtu anayeleta panya aliyekufa. Sikumsalimia. Niliangalia koti kwanza, kwa maana koti likishika masizi halina mnunuzi, na ndugu hata akishika masizi bado ni ndugu.

"Dada, niko na shida," akasema.

"Naiona. Sasa toa shida yako juu ya koti."

Kioko alikuwa fundi wa stima. Alijifunzia kazi Machakos mjini, akapanga chumba Mumbuni, lakini kazi yake ya kwanza kubwa alipewa nyumbani kwetu Katangi, na waliompa ni mwethya wa akina mama. Wewe uliyekulia mjini labda hujui vizuri: mwethya ni kikundi cha kusaidiana. Akina mama hulima pamoja, huchimba mitaro pamoja, hukosana pamoja, na wakipatana tena hupatana pamoja. Mwethya wa kwetu ulikuwa umechimba kisima kando ya mto ule usio na maji, ukanunua pampu ya stima, jenereta ya kuiendesha na tangi la maji. Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua. Kioko ndiye aliyefunga nyaya zote.

Na pampu ilikuwa inakufa kila adhuhuri. Asubuhi inavuta maji vizuri, inaimba, jua likifika katikati ya mbingu inakohoa na kunyamaza. Kioko anaenda, anakuta mwisho wa waya umekuwa mweusi, anakata, anafunga upya, anapewa chai. Kesho yake adhuhuri, vilevile, isipokuwa chai ilikuwa inazidi kuwa nyepesi. Siku niliyomwona pale Tala ilikuwa imefika maji ya moto.

"Mama Ndunge amesema Jumamosi ndiyo mwisho," akaniambia. Huyo Mama Ndunge ndiye aliyekuwa mwenyekiti. "Watakutana hapo kisimani. Pampu ikizima tena, kazi wanampa fundi mwingine kutoka Nairobi. Na mama atakuwa ameketi hapo hapo akisikia."

Hapo ndipo niliposogeza koti. Mama yetu alikuwa mwanachama. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wenzake akasema, mpeni mtoto wangu. Mtu kukosa kazi ni jambo la kawaida, lakini mama kuketi kimya katikati ya wanawake aliowahakikishia, hilo ni jambo lingine.

Nikachukua ule waya nikautazama. Mwisho wake ulikuwa umevishwa lagi, kile kijikofia cha shaba chenye tundu la kupitishia msumari wa parafujo, kinachobanwa juu ya nyuzi za waya ili uweze kufungwa kwenye mashine. Kofia ilikuwa nyeusi. Nilipoigusa, ikatoka na nyuzi zikabaki mkononi.

"Imetoka yenyewe," nikasema.

"Ndiyo hiyo shida. Lagi ikilegea, stima inapita kwa kubanana, inaleta joto. Joto likizidi inalegea zaidi. Mwisho inaungua."

"Ulibana na nini?"

Akatazama viatu vyake. "Na plaisi."

"Plaisi gani?"

"Hii ya kawaida. Ya kukata na kushika."

Sasa hapo, mwanangu, udadisi ulinishika. Mimi ni mtu wa kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mfanyabiashara asiyeuliza hurudi nyumbani na suruali ya mguu mmoja. Nilimuuliza kama kuna chombo cha kubana lagi chenyewe. Akasema kiko, ni koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na hilo ndilo lililomleta, kwa sababu yeye hajui kununua. Wauzaji wakimwona tu, bei inapanda.

"Ni uso wako," nikamwambia. "Una uso wa mtu ambaye ameshalipa."

Nikamwomba jirani aniangalizie makoti, nikajifunga leso vizuri, tukaenda upande wa vyuma.

Kijana mmoja alikuwa ametandika turubai, juu yake misumari, kufuli, tepu za kupimia, na makoleo ya kubana lagi yenye mikono myekundu inayong'aa kama midomo ya bibi harusi. Nilianza kazi. Sitakueleza yote niliyosema, mengine si ya kurudiwa na mama mzima. Nilishangaa bei. Nikacheka bei. Nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena nikiwa nimemvuta Kioko mkono. Kijana akaita. Nikarudi polepole, kama mtu aliyesahau kitu kisicho cha maana. Tukapanda, tukashuka, mpaka akasema, "Dada, unaniua." Hilo neno ndilo ninalolingojea siku zote. Muuzaji akisema unamwua, ujue amebakisha faida kidogo tu ya kumfikisha nyumbani.

Nilikuwa nimeshatoa pesa kifuani. Ndipo sauti ikatoka meza ya jirani.

"Mwiitu, umetoka kwako kununua koleo ama kununua bei?"

Alikuwa Mzee Nzioka. Alikuwa anauza vyombo vilivyokwisha kutumika: misumeno, randa, spana, vitu vilivyotoka kwa mafundi waliostaafu au waliofariki. Tala nzima ilimjua kwa jambo moja, kwamba hapunguzi bei. Sisi watu wa kuvutana tulikuwa tunapita mbele ya meza yake kama mlevi anavyopita mbele ya kanisa. Tena alikuwa mzee wa rika la baba yangu, na kwetu mzee akikuita mwiitu, yaani binti, huwezi kujifanya hukusikia.

"Nanunua koleo, mzee."

"Imebana nini?"

"Haijabana kitu. Ni mpya."

"Aa. Na hayo makoti yako, mtu akitaka kununua, anafanya nini kabla ya kutoa pesa?"

"Anageuza ndani nje. Anavuta mshono."

"Haya," akasema, akaendelea kupangusa randa yake.

Mwanangu, hakuna karipio linalouma kama lile linaloishia na "haya". Nilisimama pale na pesa mkononi. Mimi niliyewafundisha wateja wangu mwenyewe kuvuta mshono, mimi niliyemcheka mwanamke aliyenunua blanketi bila kulikunjua, nilikuwa karibu kununua mbuzi ndani ya gunia kwa sababu tu gunia lilikuwa jekundu na limeshuka bei. Lakini hasira haikunikaa sana. Kilichonikaa ni hamu ya kujua. Koleo lina mshono wapi? Unalivuta vipi?

Nikageuka kwa yule kijana. "Leta waya."

"Waya ya nini?"

"Ya kuvuta mshono."

Akamtazama Kioko kama anayeuliza huyu dada yako yuko sawa. Bahati Kioko alikuwa na begi lake, ndani yake vipande vya waya na lagi za kila saizi. Alichuna waya, akaingiza nyuzi ndani ya lagi, akabana na koleo jekundu kwa nguvu zake zote. Ikaonekana nzuri, hata mimi ningeinunua. Nikashika lagi, Kioko akashika waya, tukavuta. Ikachomoka kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Watu wakacheka. Sokoni watu hawahitaji kualikwa.

"Nyinyi mmevuta kupita kiasi!" kijana akalalamika. "Waya si kamba ya ng'ombe!"

"Na pampu ikitetemeka kutoka asubuhi mpaka jioni," nikamuuliza, "itatetemeka kwa adabu?"

Akawa na lingine, zito, la mikono mirefu, ambalo alisema ndilo lenyewe, hilo jekundu ni la watu wa redio. Uzito wake ulinifurahisha. Nilisikia mkononi mwangu kwamba hiki sasa ni chombo, na nikukumbushe hapa kwamba jiwe la kusagia pia ni zito. Kioko akabana. Tukavuta. Haikuchomoka, lakini waya wenyewe ulikatika pale shingoni, lagi ikabaki kwangu na kishungi kidogo cha nyuzi.

"Hiyo si makosa ya koleo," kijana akasema. "Ni waya mbaya."

Mzee Nzioka alinyoosha mkono bila kuinuka, nikampa. Akaisogeza karibu na jicho lake, kisha akanirudishia. "Angalia hapo ilipokatikia."

Nikaangalia. Nyuzi zilikuwa zimepondwa zikawa nyembamba kama karatasi, nyingine zilikuwa zimekatika hata kabla hatujavuta. Kubana si kukata. La kwanza lilibembeleza, la pili lilitafuna, na hakuna hata moja lililoshika. Ajabu ni kwamba kwa nje zote mbili zilikuwa zimependeza sawasawa.

"Wewe mzee unaongea sana," nikamwambia, "na hatujaona lako."

Akatoa chini ya meza koleo bovu kuliko yote niliyowahi kuona. Rangi ilikuwa imekwisha, mkono mmoja umefungwa kwa utepe wa tairi la ndani la baiskeli. Kabla ya kumpa Kioko alilifumba, akaliinua kuelekea juani, akaniambia nichungulie kati ya taya zake. Mwanga ulipita uzi mmoja mwembamba, sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Akachukua lile jekundu akafanya vilevile: upande mmoja taya zimegusana, upande mwingine sisimizi angepita na mzigo. Kijana akasema sisimizi hana kazi na lagi. Nilimpenda kwa jibu hilo, lakini pesa sikumpa.

Kioko akaweka lagi kwenye koleo la mzee, akaanza kubana. Likatoa sauti ya meno, krrr, krrr. Katikati akaacha ili aangalie. Koleo halikufunguka. Akavuta mikono yake, halikufunguka.

Nilifurahi kupita kiasi. "Mzee! Hii yako imekwama!"

"Haijakwama. Inakungoja umalize."

Kioko akaendelea kubana mpaka mwisho, likalia mara moja, likafunguka lenyewe. Siku ile ndipo nilipojua kwamba kuna makoleo yenye meno ya ndani, yanayokataa kuachia kabla kazi haijafika mwisho. Kumbe hata mkono ukichoka, hata kama mwenye mkono ana haraka ya kwenda kula, chombo chenyewe hakimruhusu kuiacha kazi nusu. Nimewajua watu wengi ambao wangefaa kuwekewa meno kama hayo.

Tukavuta. Kioko akachimbia kisigino. Kijana mwenyewe mwenye turubai akaja kumsaidia, maana sasa naye alitaka kujua. Lagi haikutoka. Waya haukukatika. Walichopata ni kuketi wote wawili kwenye vumbi.

Mtu mwingine angenunua akaenda zake. Mimi nilitaka kuona ndani. Nikamwomba Mzee Nzioka akate ile lagi katikati kwa msumeno wa chuma. Alinitazama muda mrefu, nadhani hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo, kisha akakata taratibu, akaisugua kwa msasa na kunipa. Mwanangu, zile nyuzi hazikuwepo tena. Nyuzi na kofia vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, uso mmoja wa shaba, kama ugali ulioshikana. Tukakata na ile ya Kioko iliyobanwa kwa plaisi: ndani ilikuwa na matundu, nyuzi zimelala moja moja kama watu waliokosana kitandani. Hapo ndipo nilipoelewa stima ilikuwa inapita wapi na kwa nini ilikuwa inapata joto. Sikuwa nimesomea stima, na sijaisomea hata leo, lakini nafasi tupu naijua. Nafasi tupu ndiyo inayokula biashara.

Basi nikajiona nimekuwa fundi. Nikachukua lagi kubwa yenye shingo ya plastiki ya manjano, nikaingiza waya mwembamba, nikabana mwenyewe kwa koleo la mzee mpaka likafunguka. Nikavuta kwa vidole viwili. Ikatoka.

"Haa!" nikasema. "Hata yako!"

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Mzee Nzioka akicheka. "Ukivaa gambuti ya baba yako, kubwa kuliko mguu wako, halafu ikabaki kwenye tope, utalaumu tope?"

Kumbe lagi zina rangi kwa sababu. Nyekundu ni ya waya mwembamba, buluu inafuata, manjano ni ya waya mnene, na kwenye taya za koleo kila moja ina mahali pake. Na zile tupu, zisizo na shingo ya plastiki, zina taya zake tofauti, ambazo koleo la mzee lilikuwa nazo upande wa ndani. Chombo kizuri hakisamehei saizi mbaya. Hilo liweke mahali, maana hata mafundi wenye miaka mingi bado linawapiga chenga.

Tukafika kwenye bei. Mzee akaitaja. Nikaanza.

"Mzee, rangi imeisha."

"Rangi haibani."

"Mkono umefungwa na mpira."

"Ndiyo sababu hautelezi."

"Nitanunua na lagi."

"Lagi ziko na bei yake."

Nilimjaribu kwa kila mlango, na nyumba yote ilikuwa ukuta. Nikaona kama hapunguzi bei, lazima kuna kitu kingine anachoweza kupunguza. Nikamwambia, "Basi nipe hivi. Jumamosi tunafunga pampu Katangi. Ikizima adhuhuri, siku ya soko inayofuata nakurudishia koleo na unanirudishia pesa yangu yote."

Akaacha kupangusa. Wauzaji wa Tala hawakuwa wakirudisha pesa, hata kwa mtu aliyefiwa. Aliliangalia koleo, akamwangalia Kioko, akaniangalia mimi.

"Na isipozima?"

"Nitakuwa nimenunua."

"Haitoshi. Isipozima, siku ya soko utasimama hapa katikati, na hiyo sauti yako ya kuuzia makoti, utasema umenunua kwa Nzioka."

Tukakubaliana. Nikahesabu lagi alizonipimia, nikazihesabu tena, kwa sababu hesabu ya kwanza ni ya muuzaji, ya pili ndiyo yako. Mpaka leo sijui kati yetu ni nani aliyeshinda, na ndiyo alama ya biashara nzuri.

Jumamosi tukafika Katangi mapema. Akina mama walikuwa wameshaketi kisimani, mitungi yao mitupu imepangwa kando, na mama yetu yuko mwisho wa mstari akipepeta mbaazi kwenye ungo, hainui macho. Nilijua anazipepeta mara ya pili, zilikuwa zimeshapepetwa.

Mama Ndunge alikuwa mwanamke mpana, mwenye akili kali na subira fupi. Kioko alipotoa koleo akasema, "Ehe. Juzi ilikuwa waya mbaya. Jana jua kali. Leo ni koleo. Mchagua jembe si mkulima, kijana yangu."

Akina mama wakacheka. Mimi nilikuwa na jibu, lakini nililimeza, kwa kuwa hao ni rika la mama. Nakupa wewe leo: aliyetunga methali hiyo hakuwahi kulima udongo wetu wa Yatta mwezi wa tisa. Angechagua jembe, tena angeligonga kwanza asikie linavyolia.

Jenereta ilikuwa imezimwa. Kioko alihakikisha, mimi nikahakikisha tena, na wewe ukigusa waya wowote fanya hivyo hivyo. Akakata miisho yote ya zamani akaitupa. Akaanza kuchuna na kubana upya, moja baada ya nyingine, krrr, krrr, akingoja koleo limwachie. Kila alipomaliza moja nilimwambia aninyooshee, nikaipeleka kwa Mama Ndunge.

"Vuta, mama."

"Nivute nini?"

"Kama unavuta mshono wa koti kabla ya kununua. Hutaki kulipia kitu bila kukivuta."

Hilo alilielewa. Akashika, akavuta kwa adabu ya mgeni. Ikakaa. Ya pili akavuta kidogo zaidi. Ya tatu akainuka kitini. Ya nne ikachomoka mkononi mwake.

Mama akaacha kupepeta mbaazi. Kioko alikuwa amepauka. Alikuwa ameona macho mengi, mikono ikakimbia, akachukua lagi ya manjano badala ya buluu. Lile gambuti la baba. Mama Ndunge alishika waya mkono mmoja na lagi mkono wa pili, akamtazama Kioko, na mimi nikaona kazi ya ndugu yangu inaondoka na basi la Nairobi.

Kioko akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Asante, mama. Hiyo nilikosea. Ingetoka adhuhuri, na ningesema ni jua."

Akachukua waya, akakata, akachagua lagi ya buluu, akabana, akamrudishia yeye mwenyewe. Mama Ndunge akavuta hiyo kama anayetoa ndama kwenye shimo. Haikutoka. Kuanzia hapo hakukubali hata moja impite. Alivuta zote, na alizokuwa ameshavuta akazirudia, na akina mama wengine wakapanga foleni wavute pia, maana hakuna jambo linalofanywa na mwenyekiti ambalo mwethya hautataka kulifanya.

Jenereta ikawashwa. Maji yakaja. Hakuna aliyeshangilia, asubuhi yalikuwa yanakuja siku zote. Tuliketi. Jua likapanda. Mtu akaleta chai, ikawa nyepesi. Kivuli cha tangi kikafupika, kikaingia chini ya tangi, na akina mama bila kuambiwa wakaanza kuinuka na kuokota mitungi, kwa sababu walikuwa wamezoea: saa hiyo pampu inakufa na wao wanateremka mtoni kufukua maji kwenye mchanga. Wakasimama na mitungi yao, wakingoja ikohoe.

Haikukohoa. Ikaendelea kuimba. Waliofika karibu wakakinga, mitungi ikajaa, mitaro ya nyanya ikajaa. Tangi likajaa, likafurika, maji yakaanza kukimbia kwenye njia ya miguu, na hakuna aliyesogea. Walikuwa wanayatazama tu yakipita kwenye viatu vyao.

Mwishowe Mama Ndunge akapiga kelele, "Kioko! Hebu zima hiyo kitu, unatuharibia maji!"

Tangu apewe kazi ile, hakuna aliyewahi kumwomba azime. Alienda akazima. Akarudi akashika lagi kwa kidole, moja moja, zote, akaniangalia. Zilikuwa baridi. Na mama yetu akaweka ungo chini, akamwambia mwenyekiti wake, kwa upole kabisa, "Sasa, tulikuwa tunakutana kuongea nini?" Mama Ndunge akasema amesahau.

Siku ya soko nilisimama katikati ya Tala nikalipa deni langu la sauti. Mzee Nzioka alijifanya hasikii. Yule kijana wa turubai, nilipopita, nilimkuta ameweka waya na lagi karibu na makoleo yake, na mengine mekundu ameyatoa. Akaniambia, "Dada, siku hizi wote wanataka kuvuta."

Basi, mwanangu unayeanza ufundi wa mjomba wako, ninyi mnaonunua kwa simu, ambako kila koleo limepigwa picha likiwa limeoga. Picha haivutwi. Ukitaka koleo la kubana lagi, nenda na waya wako na lagi zako, zile utakazotumia kazini, si za muuzaji. Fumba taya uliinue kwenye mwanga. Liwe lile lisiloachia kabla hujamaliza. Bana, kisha vuta bila huruma; ikichomoka, koleo linabembeleza, ikikatika, linatafuna, yote mawili yaache hapo hapo kwa mwenyewe. Toa lagi moja sadaka, ikate uone ndani, maana lagi moja ni rahisi kuliko pampu. Lagi iwe ya waya wake na ikae mahali pake kwenye taya. Na kama lazima ununue kutoka mbali, usigombanie shilingi ya mwisho. Gombania ruhusa ya kurudisha. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atatetemeka kidogo, kisha atakubali. Asiyeiamini atakupunguzia bei haraka, na haraka hiyo ndiyo jibu lako.

Na siku utakapokosea mbele za watu, kama ndugu yangu, usitafute jua la kulaumu. Sema nilikosea, kata, bana tena, na umpe avute yule yule aliyekukamata.

Mungu akupe mkono usiochoka katikati ya kazi, na macho ya kutazama ndani ya vitu. Akupe wateja wasumbufu, wa kuvuta kila kitu, maana hao ndio watakaokufanya fundi. Jina lako lisitoke kwa vidole viwili. Na nikija dukani kwako siku moja, mimi mama yako, Mungu akulainishe moyo, unipunguzie.